Injini au giaboksi ya gari la zamani ikianza kusumbua: namna ya kutafuta chanzo kabla hujalipa

Mwaka juzi nilikuwa natoka Moshi kwenda Arusha, gari likiwa na watu watano na mikungu minne ya ndizi nyuma. Nilipopita Kikatiti niliona mshale wa joto umevuka nusu, jambo ambalo gari hilo halikuwahi kulifanya kwa miaka sita niliyokuwa nalo. Nilijua ninapaswa kusimama, lakini Usa River haikuwa mbali, nikajiambia nitaongeza maji kwenye kituo cha mafuta. Kilomita hizo chache za kupanda ndizo zilizoniunguzia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Kesho yake fundi wa gereji ya kwanza alifungua kifuniko cha kujazia oili, akachungulia, akaniambia, "Mzee, injini hii imekwisha, tafuta nyingine." Nilikuwa nimekwisha kuhesabu nusu ya malipo wakati binamu yangu aliponisihi nimwite fundi mwingine kwanza. Huyo wa pili alitoa plagi zote, akapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda moja baada ya nyingine, akawa anaandika tarakimu kwa chaki upande wa ndani wa boneti: silinda ya 1 na ya 4 zilikuwa nzima, ya 2 na ya 3 zilikuwa zimeshuka karibu sawa. "Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, ujue upepo unapita kati yao," alisema. "Hapo tunaanza na gasketi, mzee, hatuanzi na injini." Hedi ilipelekwa kusawazishwa kwenye mashine, gasketi ikabadilishwa, na chanzo cha yote kikaonekana kuwa mpira wa ndani wa mfuniko wa rejeta, ambao ulikuwa umekakamaa na kupasuka.

Siamini kwamba fundi wa kwanza alitaka kuniibia. Alikisia tu, na gari lenye umri wa miaka 15 au 20 ni rahisi kulikisia vibaya, kwa sababu dalili moja inaweza kutokana na mambo matano, na katika hayo matano manne huwa ya bei ndogo. Ndiyo maana napendekeza kanuni moja unayoweza kuishika hata kama hujui kushika spana: usilipie injini wala giaboksi mpaka mtu akuonyeshe kwa macho yako kipimo au kitu kilichoharibika, na vipimo vifuate mpangilio wa kuanzia kile kisichogharimu chochote hadi kile kinachohitaji kufumua.

Kabla ya kuilaumu injini

Jambo la kwanza ni urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini ipo takriban mita 1,400 juu ya bahari, na Moshi ipo kati ya mita 800 na 900. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza hapo kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu zake bila kuwa na ugonjwa wowote. Kila mara nasikia mtu aliyenunua gari Dar es Salaam akilalamika kwamba limelegea tangu alifikishe Njiro au Ngaramtoni. Kama moshi ni safi, joto halipandi na oili haipungui, huo si uchovu wa injini, na fundi anayekushauri uifumue kwa ulegevu huo peke yake hajakusaidia.

Jambo la pili ni kuliwasha gari likiwa limelala baridi usiku kucha. Iwe ni gari lako au unalotaka kununua, fika alfajiri, weka kiganja juu ya boneti, na ukikuta lina joto, omba urudi siku nyingine. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla hujafika anaficha kitu au ameelekezwa na dalali afiche kitu. Injini baridi ndiyo inayosema ukweli: mlio wa cheni ya taimingi (inayopanga wakati wa valvu kufunguka) iliyolegea husikika katika sekunde za mwanzo, kugonga kwa beringi zilizokwisha husikika kabla oili haijapanda, na moshi wa kwanza kutoka ekzosi huonyesha kilichovuja ndani usiku.

Huo moshi uusome kwa rangi. Mvuke mweupe mwembamba unaotoweka baada ya dakika chache asubuhi ya Julai huku kwetu ni unyevu tu. Moshi mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni kulanti (maji maalumu ya kupooza injini) inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi, na mara nyingi unaelekeza kwenye filta ya hewa, sensa au nozeli, vitu ambavyo havihusiani na uzima wa injini yenyewe. Moshi wa bluu ni oili, nao unastahili uangalizi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hulipishwa kazi kubwa kwa kosa dogo.

Oili huingia kwenye chumba cha moto kwa njia tatu za kawaida. Njia ya kwanza ni valvu ndogo inayopumulia mvuke wa oili kurudi kwenye injini. Ikiziba, msukumo wa ndani hupanda na oili hutafuta pa kutokea. Valvu hiyo ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache, lakini husahaulika mara nyingi ajabu. Njia ya pili ni sili za valvu. Ukitaka kuzipima bila kifaa, teremka kutoka Marangu kuelekea Himo ukiwa umeachia mafuta na gari liko ndani ya gia, kisha ukifika chini kanyaga mafuta huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la bluu linalotoka mara moja na kuisha linasema sili zimechoka, na fundi hodari anaweza kuzibadilisha bila kufumua injini nzima. Njia ya tatu ni ringi za pistoni, ambazo hutoa bluu gari likiwa linavuta mzigo kwenye mwinuko, na moshi hauishi mpaka mwinuko uishe. Hiyo ndiyo kazi kubwa. Gari likila oili zaidi ya lita moja kwa kilomita 1,000 na hakuna inapovuja nje, kompresheni ipimwe siku hiyo hiyo.

Kipimo cha kompresheni kinaeleweka hata kwa asiye fundi, ukijua cha kutazama. Tarakimu yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. Kinachojali zaidi ni tofauti kati ya silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna kasoro. Silinda iliyo chini itiliwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi kisha ipimwe tena: tarakimu ikipanda, ringi ndizo zinazovuja, kwa kuwa oili imeziba nafasi yake, ikibaki pale pale, tazama valvu au gasketi. Simama hapo uone mwenyewe, na piga picha ya kila kipimo, kwa sababu picha hizo zitakusaidia ukienda kwa fundi mwingine.

Gari linalochemka

Nikihesabu magari ya jirani na ndugu yaliyopoteza injini, mengi hayakufa kwa uzee. Yalichemshwa. Tena mara nyingi yalichemshwa baada ya kuonya kwa wiki kadhaa.

Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 kwenye usawa wa bahari, lakini Arusha huchemka kwa takriban 95, na ukipanda kuelekea Rhotia au mashamba ya juu ya Kibosho yanachemka mapema zaidi. Mfumo wa kupooza injini unaepuka jambo hilo kwa kufungia maji ndani kwa shinikizo, na kinacholinda shinikizo hilo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukiwa na mpira uliopasuka au springi iliyolegea, maji yatachemka hata kama rejeta ni mpya. Kwa hiyo anza hapo. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, bonyeza springi kwa kidole gumba na uchunguze mpira wake. Badilisha kwa mwingine wenye shinikizo lile lile lililoandikwa juu yake. Usiufungue kamwe gari likiwa la moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo huruka yote usoni, na nimeona mtu akibaki na makovu ya kudumu kwa haraka ya namna hiyo.

Baada ya mfuniko, tazama mipira ya rejeta kama imevimba au kulainika, tazama feni kama inawaka joto linapopanda, tazama mapezi ya rejeta kama yamezibwa na vumbi na wadudu wa barabara ya Namanga au Makuyuni, kisha pampu ya maji kama ina mchirizi uliokauka chini yake. Ndipo ufike kwenye themostati, na hapa naomba tuelewane, kwa sababu desturi ya kuitoa na kuitupa imeenea katika gereji zetu kana kwamba ni matibabu. Themostati hufunguka injini inapofikia nyuzijoto za themanini na kitu, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuongoza maji yapite yanakotakiwa. Ukiitoa, injini itafanya kazi ikiwa baridi asubuhi zote za Arusha, kompyuta itaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza gari limewashwa, oili itachafuka mapema, na katika injini nyingi sehemu ya maji itarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, hivyo kwenye mwinuko mrefu gari litachemka zaidi ya mwanzo. Themostati iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine nzima. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uyachemshe, uione ikifunguka. Ni kipimo cha dakika kumi ambacho hakihitaji fundi.

Maji nayo yana neno lake. Maji mengi ya mteremko wa Mlima Meru yana madini mengi, floridi ikiwemo, na maji ya bomba au ya kisima yakizunguka ndani ya injini miaka mitano huacha magamba na kutu vinavyoziba njia nyembamba za rejeta. Tumia kulanti iliyo tayari, au ile ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya betri. Dumu la maji ya bomba ndani ya buti ni la dharura. Ukilitumia, mfumo usafishwe na ujazwe upya ukifika.

Kama hayo yote ni mazima na gari bado linachemka au linapoteza maji bila kuvuja nje, ndipo gasketi ya hedi ishukiwe. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, mipira ya maji kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, na oili kugeuka kuwa kama chai ya maziwa. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, hasa kwa gari linalosafiri safari fupi fupi za mjini. Ute wa namna hiyo ndio uliomfanya fundi wangu wa kwanza aihukumu injini. Gereji zenye vifaa zina chupa yenye kimiminika cha bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, na kikigeuka njano maana yake gesi ya moto inaingia kwenye maji. Uliza kama wanayo.

Hedi ikishafunguliwa, kazi isiishie kubadilisha gasketi. Hedi za aluminiamu hupinda zikichemshwa, na katika injini nyingi za petroli za Toyota tulizonazo upindaji unaoruhusiwa ni 0.05 ya milimita, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi na kupenyeza vipande vyembamba vya kupimia, kisha afanye hivyo hivyo juu ya bloku. Hedi iliyopinda ipelekwe karakana yenye mashine ya kusawazishia, na ikaguliwe nyufa kabla ya kusawazishwa. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa injini ya dizeli ya 1KZ-TE iliyo kwenye Prado na Surf nyingi, ambayo hedi yake hujulikana kwa kupasuka ikishachemshwa. Wakati wa kufunga, boliti zikazwe kwa mpangilio na kwa spana inayopima nguvu. Anayekaza boliti za hedi kwa kukisia mkono anakuandalia safari nyingine ya gereji.

Mshale ukipanda barabarani, zima kiyoyozi, washa hita kwa joto la mwisho na feni yake yote ili kuivuta moto injini, tafuta pembeni pa kusimama, na zima. Subiri kwa muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto.

Mkanda wa taimingi na mlio wa kugonga

Magari mengi ya zamani huku kwetu yana ama mkanda ama cheni ya taimingi, na unapaswa kujua lako lina nini. Injini za 3S-FE, 5A-FE na 1KZ-TE zina mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. 1NZ-FE iliyo kwenye IST na Corolla za baadaye ina cheni. Kwa kuwa namba ya kilomita kwenye dashibodi ya gari la mtumba si ya kuaminiwa, mkanda usiojua historia yake ubadilishwe mara unapolinunua gari, pamoja na pampu ya maji na beringi zinazoukaza. Katika baadhi ya injini mkanda ukikatika gari huzimika tu. Katika nyingine, hasa za dizeli, pistoni hugonga valvu na hapo gharama huwa ya injini nzima.

Mlio wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, hauhitaji falsafa ndefu. Zima injini, pima oili, na kama ipo ya kutosha, omba geji halisi ya shinikizo ifungwe mahali pa swichi ya oili. Mafundi wengi hutumia makadirio ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini ikiwa ya moto. Ikiwa chini sana ya hapo, usiliendeshe gari hata hadi gereji, livutwe. Beringi zilizoharibika zikigunduliwa mapema huokoa krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na krenki ndiyo yenye bei.

Giaboksi

Hapa wengi wetu tunapoteza fedha kuliko kwenye injini, kwa kuwa giaboksi otomatiki haionekani ndani na mafundi wanaoifahamu kweli ni wachache. Mtaani utaambiwa mara moja utafute nyingine. Anza na oili yake.

Kama giaboksi yako ina stiki ya kupimia, endesha gari kilomita kama 15 lipate moto, simama mahali tambarare, acha injini ikinguruma, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, kisha chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena na usome alama ya moto. Wanaoipima injini ikiwa imezimwa wanapata kipimo cha uongo na kujaza kupita kiasi katika magari mengi. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe ya chooni na uyaache dakika tano. Oili nzima itaenea ikiwa nyekundu au ya rangi ya kahawia hafifu. Iliyochoka itaacha duara jeusi katikati, na ukiinusa ina harufu ya mkate ulioungua. Hiyo ni vumbi la sahani za klachi zilizoungua ndani.

Oili ikiwa chini, giaboksi itachelewa kushika ukiweka D, itateleza kwenye mwinuko na kuruka gia. Dalili hizo ni zile zile za giaboksi mbovu, na wapo watu walionunua nyingine wakati chanzo kilikuwa sili inayovuja kwenye ekseli. Kwa hiyo jaza kwanza, ziba panapovuja, kisha jaribu. Vilevile gari linalopiga kishindo ukiweka D au R huenda mauntingi za injini (mipira inayoishikilia) zimekatika. Mwambie mwenzako ashike breki na kubadili gia huku wewe ukitazama boneti ikiwa wazi, uone kama injini inaruka. Kama taa ya injini imewaka, liunganishwe na mashine ya kusoma makosa kabla ya kufumua chochote, kwa sababu selenoidi moja (valvu ndogo ya umeme) au sensa ya mwendo inaweza kuifungia giaboksi kwenye gia moja. Andika namba za makosa kwenye simu yako kabla hawajazifuta.

Aina ya oili ni jambo la kufa na kupona. Toyota za kabla na za baada ya miaka ya 2000 ya kati hutofautiana: nyingi za zamani zinatumia Type T-IV, za baadaye zinatumia WS. Giaboksi za CVT, kama zilizo kwenye Nissan X-Trail na Dualis nyingi, zina mkanda wa chuma badala ya gia na zinahitaji oili yake ya CVT, NS-2 au NS-3 kulingana na mwaka. Ukitia oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki kwenye CVT, mkanda huteleza na kuchubua puli zake, na hakuna atakayeweza kukurudishia hali ya mwanzo. Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye stiki, nunua wewe mwenyewe, na uyaone makopo yakifunguliwa mbele yako. Kumwaga na kujaza mara moja hubadilisha takriban theluthi hadi nusu tu ya oili yote, kwa hiyo kwa gari ambalo historia yake huijui ni bora kurudia mara mbili au tatu baada ya kilomita mia kadhaa kuliko kulisukuma lote kwa mashine siku moja. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, omba uone sumaku iliyo ndani: uji laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole vinasema kuna kitu kinachovunjika, na hapo giaboksi ifunguliwe au ibadilishwe.

Kuna ajali moja inayounganisha rejeta na giaboksi ambayo wenye magari wengi hawaijui. Katika magari mengi otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa kwa kupita kwenye mrija ulio ndani ya rejeta. Mrija huo ukioza, maji na oili huchanganyika, na ukifungua rejeta unakuta kitu cha rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi. Ukiona hivyo, usiwashe tena. Rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe mara kadhaa kwa oili mpya siku hiyo, kwa kuwa maji huzitenganisha sahani za klachi na gundi yake ndani ya muda mfupi. Hii ni sababu nyingine ya kutotia maji ya bomba kwenye rejeta.

Na gari otomatiki likiharibika, usikubali livutwe kwa kamba kutoka Boma Ng'ombe hadi mjini. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa magurudumu huzungusha gia ambazo hazipati oili. Lipakiwe kwenye gari la kubebea au magurudumu yanayovuta yainuliwe. Vilevile, usiteremke ukiwa N kwa kudhani unaokoa mafuta. Weka 2 au L ukishuka Machame au Rombo, injini ikusaidie breki.

Ukithibitisha kwamba imekwisha

Vipimo vikionyesha kwamba injini au giaboksi haifai, kaa chini na kalamu. Tuseme gari likiwa zima lingeuzwa shilingi milioni 7, na kazi yote, pamoja na kufunga, oili, rejeta na sili, itafika milioni 3. Uamuzi unategemea bodi, kutu ya chini, na kama ungeweza kununua gari jingine unalolifahamu kwa milioni hizo 3 na bei ya kuliuza hili lilivyo. Mimi hutengeneza gari ninalolijua historia yake kuliko kununua la mtu nisilolijua, lakini sipendekezi kuweka injini kwenye gari ambalo giaboksi yake tayari inateleza.

Injini ya mtumba kutoka Japani ikaguliwe ikiwa bado chini. Fungua kifuniko cha valvu uone kama kuna matope meusi ya oili, izungushwe kwa mkono isikwame mahali popote, kompresheni ipimwe kama inaweza kuzungushwa kwa stata, na kabla ya kuifunga ibadilishwe mkanda, pampu ya maji, themostati na sili za krenki mbele na nyuma, kwa kuwa kuzifikia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Makubaliano ya dhamana yaandikwe kwenye risiti: siku ngapi, na inahusu nini. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo hifadhi risiti ya ununuzi na uipeleke TRA ili namba mpya iingizwe. Gari lenye namba isiyolingana litakusumbua siku ya kuliuza. Bima kubwa nayo kwa kawaida hailipi ubovu wa mashine, kwa hiyo usiitegemee hapo.

Kazi hizi usizipange Desemba. Wiki zinazotangulia Krismasi, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, magari yaliyojaa hupandishwa kutoka Mombo hadi Same, Mwanga, Himo na juu mlimani kwa siku moja, na gereji za Moshi hujaa magari yaliyochemka. Fundi mwenye magari kumi uani hawezi kusubiri hedi ipimwe. Mfuniko wa rejeta, mipira, kulanti na oili ya giaboksi zikaguliwe Novemba mwanzoni, ili kama kuna hedi ya kufunguliwa ipate wiki yake. Baada ya kazi yoyote kubwa, endesha kilomita 50 za kwanza ukiwa karibu na mjini, acha gari lipoe usiku, kisha asubuhi ongeza maji yaliyoshuka na uangalie chini kama pana tone. Rudi kwa fundi baada ya kilomita 500 ukiwa na daftari lenye tarehe, kilomita, kiasi cha oili ulichoongeza na namba za makosa, na umwombe apime kompresheni tena mbele yako.